Uzi Juu ya Tufe: Umbali na Muda wa Safari za Ndege

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu wa jiografia na wanafunzi wao. Wengi walikosa nafasi siku ile, nami niliahidi kuiweka yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa mbele na daftari zenu: hamjambo?

Asanteni. Kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege, na katika kazi hiyo kuna swali moja ninaloulizwa kuliko yote. Kutoka mji huu hadi mji ule ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi? Watu huuliza kwa pumzi moja, kana kwamba ni swali moja. Mtu akishapata kilomita, anazigawa kwa mwendo wa ndege, anapata saa, anawapigia ndugu zake simu: tokeni wakati fulani mje kunipokea. Ndugu wanatoka. Wanasubiri, ndege haionekani. Au imetua kitambo, na mgeni wao amekalia begi lake nje, peke yake, hajui amtazame nani.

Ndugu zangu, hayo ni maswali mawili. Umbali ni swali moja. Muda ni swali jingine. Umbali hujibiwa na umbo la dunia, na jibu lake halijabadilika tangu miji hiyo ijengwe. Muda hujibiwa na upepo, na serikali, na foleni ya ndege kwenye lami, na jibu la leo silo la kesho.

Nianze na umbali. Mnajua kwamba dunia nzima iliwahi kupimwa kwa kutumia miji miwili tu? Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, alisikia kwamba katika mji wa Syene, ndio Aswan ya leo, kuna siku moja katika mwaka ambapo jua la adhuhuri humulika hadi chini kabisa ya kisima. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kule Alexandria vitu vilikuwa na vivuli. Akapima kivuli. Pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara zima. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha enzi zao. Akazidisha mara hamsini: stadia 250,000. Huo ndio mzunguko wa dunia, na mtu mwenyewe hakuondoka kwao. Sisi leo tunakwenda kinyume chake. Dunia tunaijua, mzunguko wake ni takriban kilomita 40,000. Tunachotafuta ni umbali wa miji miwili iliyo juu yake.

Sasa nitazameni mikono. Hili ni tufe la dunia, na huu ni uzi wa kushonea. Walio nyuma nitawasimulia. Ncha moja naibana kwa kidole gumba juu ya New York. Ncha ya pili naipeleka Tokyo. Kwanza naulaza uzi vile ramani ya ukutani inavyotaka: unakwenda magharibi moja kwa moja, unaivuka Marekani, unaivuka Pasifiki katikati. Sasa naukaza. Mnaona? Unateleza. Haukubali kukaa pale. Unapanda, unapanda, hadi unatulia ukiwa umepita kaskazini kabisa mwa Kanada na Alaska, jirani na barafu. Sikuusukuma. Nimeukaza tu, nao wenyewe umekwenda kwenye njia fupi.

Njia hiyo huitwa duara kuu. Ukilikata tufe kwa kisu kipite kwenye miji yako miwili na katikati kabisa ya tufe, mkato unaoonekana juu ya ngozi yake ndio duara kuu. Kutoka New York hadi Tokyo kwa njia hiyo ni karibu kilomita 10,800. Ukiishikilia ile njia iliyoonekana imenyooka ramanini, utaruka karibu kilomita 12,800. Kilomita 2,000 zaidi! Kwa ndege ni zaidi ya saa 2 za kuchoma mafuta kwa sababu ya kuiamini karatasi.

Karatasi si mwongo, lakini ilichorwa kwa kazi nyingine. Ramani tuliyoizoea madarasani ilitokana na Gerardus Mercator, mwaka 1569, na aliichora kwa ajili ya mabaharia. Nahodha alitaka mstari ambao akiushika kwa dira, dira isimgeuke njiani. Mercator akampa. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, nchi zinavutwa na kupanuliwa. Kwenye ikweta, digrii moja ya longitudo ni kilomita 111. Kwenye latitudo ya digrii 60, digrii hiyo hiyo ni kilomita 56 hivi. Ramani inazichora kwa upana ule ule. Ndiyo maana mwanafunzi akiona njia ya ndege kwenye kioo cha kiti imepinda kama upinde, hudhani rubani amezunguka. Walimu wangu, hapo nawaomba: msimpe mtoto jibu kwa mdomo. Mpeni uzi.

Na si kila safari hupinda. Miji miwili ikiwa juu ya ikweta, au mmoja ukiwa kaskazini ya mwenzake kwenye longitudo moja, uzi na ramani vinakubaliana. Upinde unaonekana zaidi miji ikiwa mbali na ikweta na imetengana sana kwa mashariki na magharibi. Kusini nako ni hivyo hivyo: ndege ya kutoka Johannesburg kwenda Sydney hushuka kusini sana, juu ya bahari baridi ambayo abiria hakuiwazia aliponunua tiketi.

Kabla sijauacha umbali, neno moja kuhusu vipimo, maana hapa wengi huteleza. London hadi New York ni kama kilomita 5,550. Ni maili 3,450. Tena ni maili 3,000. Namba tatu, safari moja. Maili ya nchi kavu ni mita 1,609. Maili ya baharini, ambayo marubani na manahodha huitumia, ni mita 1,852, nayo haikuokotwa hewani: ni dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini, ya digrii moja ya mzunguko wa dunia. Zidisha 360 kwa 60, zidisha kwa mita 1,852, utazirudia zile kilomita 40,000 za mzunguko wa dunia. Kwa hiyo ukisikia maili, uliza: maili ipi?

Sasa tuje kwenye muda.

Katika miaka ya 1920 huko Japani alikuwapo mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa Wasaburo Oishi. Alikuwa mkuu wa kituo cha Tateno. Yeye na wenzake walirusha mapurutangi madogo, wakayafuata kwa darubini, wakaandika yalivyosukumwa na upepo. Majira ya baridi waliona jambo la ajabu: huko juu, kilomita 9 na zaidi, upepo ulivuma kutoka magharibi kwa nguvu ambayo huku chini ingeitwa kimbunga. Nao haukuwa upepo wa kupita. Ulikuwepo leo, kesho, na keshokutwa.

Oishi akataka dunia nzima isome. Mwaka 1926 akachapisha matokeo yake. Kwa lugha gani? Kwa Kiesperanto, lugha aliyoipenda na kuiamini kwamba ingekuwa ya watu wote. Wataalamu wa nchi za nje hawakuisoma. Fikirieni, ndugu zangu. Mtu ameona mto mkubwa kuliko mito yote, unapita juu ya vichwa vya watu, ameuandika vizuri kabisa, na karatasi inakaa kabatini. Novemba 1944, ndege za kivita za Marekani zilipoanza kuruka juu sana kuelekea Tokyo, marubani walishtuka: waliokuwa na upepo mgongoni walikwenda kasi ambayo mitambo yao ya kulenga haikuiweza, na waliouelekea walionekana kama wamesimama hewani. Mto ule ule. Miaka 18 baada ya kuandikwa.

Mimi naona uchungu kila nikiisimulia habari hii, kwa sababu usiku wa kazi huwa naushika mto huo kwa mkono. Ramani ya upepo ikilazwa mezani, imejaa vijiti vyenye vinyoya. Kinyoya kifupi ni mwendo wa maili 5 za baharini kwa saa. Kirefu ni 10. Pembetatu nyeusi ni 50. Kuna usiku unaona kijiti kimebeba pembetatu tatu, zimebanana kama mapezi ya samaki. Hapo ni maili 150 za baharini kwa saa, karibu kilomita 280, na ndege yenye abiria wanaotaka kufika nyumbani itapita humo. Swali linabaki moja: upepo huo utakuwa mgongoni au usoni?

Ndiyo maana kati ya London na New York ratiba hazilingani. Kwenda New York ni mwendo wa saa 8 hivi. Kurudi London ni 7, pengine chini ya hapo. Kilomita hazikupungua hata moja. Mwezi Februari 2020, dhoruba ikiwa inavuma juu ya Atlantiki, ndege ya abiria aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Injini hazikubadilishwa. Ilibebwa na mto tu.

Kuna kijana ananitazama kwa jicho la hesabu. Najua anachofikiri: upepo ukikupa wakati wa kwenda na kukunyang'anya wakati wa kurudi, si sare? Si sare. Piga hesabu nami. Miji iko kilomita 4,000. Ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, upepo ni 100. Kwenda na upepo: 1,000 kwa saa, saa 4 umefika. Kurudi: 800 kwa saa, saa 5. Jumla saa 9 kamili. Sasa ondoa upepo: kilomita 8,000 kwa mwendo wa 900 ni saa 8 na dakika 53. Upepo umekula dakika 7, na ukiwa mkali zaidi utakula zaidi. Sababu yake? Upande unaokuchelewesha ndio unaokaa ndani yake muda mrefu.

Na hapa ndipo umbali na muda huachana kabisa. Singapore na New York ni miongoni mwa miji iliyo mbali zaidi ambayo ndege huiunganisha bila kutua: zaidi ya kilomita 15,300, karibu saa 19 angani. Mkirudi nyumbani wekeni uzi wenu juu ya miji hiyo miwili. Utapita jirani kabisa na ncha ya kaskazini. Lakini ndege itokayo Singapore kwa kawaida huenda mashariki, juu ya Pasifiki, ikitafuta ule mto wa Oishi. Inaruka kilomita nyingi zaidi ili itumie saa chache zaidi. Njia ndefu ndiyo ya haraka. Nani angeiona hiyo kwa kugawa kilomita kwa mwendo?

Kuna kitu kingine hakimo kwenye tufe hili wala kwenye ramani ya upepo. Mipaka. Anga ina wenyewe. Kila nchi ina mamlaka juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake, na inaweza kusema: hupiti.

Helsinki, Finland, na Tokyo. Kwa miaka mingi watu wa Finland waliijivunia safari hiyo. Tufe linaonyesha kwa nini: uzi unapita juu ya Urusi moja kwa moja, karibu kilomita 7,800, saa 9 na nusu hivi. Ilipofika Februari 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, Ulaya ikazifungia ndege za Urusi anga yake, na Urusi ikazifungia ndege za Ulaya ya kwake. Kilomita kati ya Helsinki na Tokyo zilibaki zile zile. Safari ikafika karibu saa 13. Ndege zikawa zinapanda kaskazini, zinavuka ncha ya dunia, zinateremka upande wa Alaska. Au zinapita kusini kwa mzunguko mrefu. Abiria waliopita kaskazini walipewa vyeti vya kuvuka ncha ya dunia. Cheti ni kitu kizuri cha kumpelekea mtoto. Lakini saa 3 na zaidi za mtu mzee aliyekunja magoti kwenye kiti chembamba, hizo nazo zihesabiwe.

Wazee wa kazi yetu hawakushangaa. Enzi za Vita Baridi, ndege za Ulaya kwenda Tokyo zilinyimwa Siberia vile vile. Kuanzia 1957 zilipita kaskazini na kutua Anchorage, Alaska, kunywa mafuta kwanza. Mwaka 1983 ndege ya Finland ikaweza kufika Tokyo bila kutua, kwa kuizunguka Urusi kaskazini. Njia ile ya 1983 ndiyo waliyoifukua 2022.

Basi mwalimu akiulizwa na mtoto, Helsinki na Tokyo ni saa ngapi, ajibu nini? Amuulize kwanza: mwaka gani?

Nimebakiza ardhi, na ardhi nitaipitia upesi, maana kila aliyesafiri anaijua. Muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuruka. Unahesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi itakaposimama upande wa pili. Humo mna kujikokota kwenye lami, kungoja zamu ya kuruka, kupanda taratibu, kuzungushwa hewani ikiwa wenyeji wana foleni. Ndiyo maana safari ya kilomita 300 haichukui dakika 20. Ndege haijamaliza kupanda, imeanza kushuka. Mnaotaka hesabu ya haraka, mimi hutumia hii: gawa kilomita kwa 850, ongeza nusu saa. Itakupa makadirio ya siku isiyo na upepo wala mpaka uliofungwa. Na kama kuna kubadilisha ndege, saa za kungoja katikati ni zako, hakuna atakayekuhesabia. Tena muulize anayekuuzia tiketi kama ndege inakwenda bila kutua. Akikujibu "moja kwa moja" tu, rudia swali. Wengine huita moja kwa moja hata ndege inayotua njiani, mradi abiria habadilishi.

Lakini kuna jambo la saa ambalo siwezi kulipita upesi.

Shangazi yangu alikatiwa tiketi. Imeandikwa Ijumaa, 01:15. Kijana wa nyumbani akamsomea vizuri: shangazi, ndege yako ni Ijumaa, saa saba na robo. Alisema kweli. Kwa Kiswahili chetu, 01:15 ni saa saba na robo. Lakini ni saa saba na robo ya usiku! Usiku wa kuamkia Ijumaa. Shangazi akafua, akafunga mzigo, akalala. Ijumaa saa nne asubuhi akafika uwanja wa ndege, amevaa kitenge kipya, ana furaha ya mtu aliyewahi. Ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku, karibu saa 9 zilizopita. Nilimkuta ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, anairudia, anairudia, kama itabadilika.

Mimi ndiye mwenye kazi hii katika ukoo wetu, na sikuwa nimeitazama tiketi ile. Tangu siku hiyo, yeyote anayenionyesha tiketi namwandikia kwa mkono wangu pembeni: usiku wa kuamkia siku fulani, au mchana wa siku fulani. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza na kuzama. Tiketi inahesabu tangu usiku wa manane, na siku yake inageuka wakati sisi tumelala. 01:15 na 13:15 zote ni saa saba na robo kwetu. Walimu, hilo lifundisheni kabla ya duara kuu.

Na saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja, kwa hiyo miji haiamki pamoja. Concorde, ile ndege iliyoushinda mwendo wa sauti na ikastaafu mwaka 2003, ilikwenda London hadi New York kwa saa 3 na nusu hivi, na miji hiyo imepishana saa 5. Abiria alishuka New York na saa ya ukutani ikiwa nyuma ya ile aliyoiacha London. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kusawazisha kwanza, utapata safari iliyokwisha kabla ya kuanza.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Mwenyekiti amenionyesha saa mara mbili, na ana haki. Tufe nimeliacha hapa mezani, na uzi uko juu yake. Vijana, njooni mmoja mmoja, kila mtu achague miji yake miwili. Wewe binti wa daftari la bluu, ulikuwa umenyoosha mkono tangu mwanzo. Anza wewe. Bana hapa kwa kidole gumba, sasa kaza.